Kwa Nini Bujumbura Inajaa? Majibu kwa Maswali ya Wananchi

Sensa ya 1979 ilikuta watu wapatao 141,000 Bujumbura. Ya 1990 ikakuta 235,000, na ya 2008 ikakuta 497,000. Katika miaka hiyo 29 watu wa Burundi nzima waliongezeka mara mbili, lakini wa Bujumbura waliongezeka mara tatu na nusu. Na anayepita leo pembezoni mwa mji, Carama, Gatumba au Kanyosha, anajionea mwenyewe: upande mmoja nyumba zimeingia kwenye mashamba ya mpunga, upande wa pili zimeanza kupanda milima.

Mitaani utasikia maelezo mepesi: vijana wamechoka jembe, wanafuata starehe za mjini. Maneno hayo yanarudiwa hata na watu wenye madaraka, nami nayakataa. Yanamlaumu aliyeondoka na kusahau kilichomwondoa. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara nyingi, pamoja na majibu yake.

Je, Burundi imekuwa nchi ya watu wa mjini?

Bado sana. Sensa ya 2008 ilionyesha kwamba Mrundi 1 tu kati ya 10 alikuwa anaishi mjini. Majirani zetu Watanzania, katika sensa yao ya 2022, walikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wao wako mijini. Burundi imo miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi mijini duniani kote, na wakati huohuo miji yake inakua haraka kuliko vijiji vyake. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: wengi bado wako milimani, yaani vijijini, na wameanza kushuka. Mbio tunazoziona Bujumbura leo ni za mwanzo tu.

Kwa nini mtu aache ardhi ya wazazi wake?

Kwa sababu ardhi yenyewe haimtoshi. Hili ndilo jibu kubwa kuliko yote, na linastahili kuelezwa polepole.

Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834, na sensa ya 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Gawanya, utapata zaidi ya watu 440 kwa kila kilomita ya mraba, katika nchi ambayo wengi wao wanakula kile wanacholima. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2016 na 2017 ulikuta mwanamke mmoja anazaa kwa wastani watoto 5.5. Ule wa 2010 ulikuwa umekuta 6.4, kwa hiyo uzazi unapungua, ila watoto waliozaliwa miaka ile ndio vijana wanaotafuta mahali pa kuishi leo.

Chukua mfano wa mzee mmoja wa Kayanza au Ngozi mwenye hekta 1, ambayo kwa huko ni utajiri. Ana wana wanne. Kwa desturi ardhi hurithiwa na watoto wa kiume, na mpaka leo Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirithi ambayo ingempa binti fungu lake. Kila mwana anapata robo hekta, yaani mraba wa mita 50 kwa 50. Humo ndani inakaa nyumba, jiko, choo, migomba, maharage, mihogo, labda miti kadhaa ya kahawa na zizi la mbuzi. Mmoja wa wana hao naye akipata wana watatu, kila mjukuu anabaki na kipande cha kama mita 28 kwa 30. Kiwanja cha kujengea kinapatikana hapo. Shamba la kulisha watu sita au saba halipatikani, hata kama mwenyewe anaamka kabla ya jogoo.

Na udongo hauna nafasi ya kupumzika. Zamani familia iliacha sehemu ya shamba ilale msimu mmoja au miwili. Leo hakuna anayethubutu. Inapandwa msimu baada ya msimu, na kwenye miteremko mikali inayoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika mvua inabeba udongo wa juu hadi mitoni. Utafiti uleule wa 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano, asilimia 56, wamedumaa kwa lishe duni. Watoto hao ni wa familia za wakulima. Anayesema vijana wanakimbia chakula kijijini aisome takwimu hiyo mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti hulitaja kwa haraka na wazee hulijua vizuri: ndoa. Mvulana wa milimani anatakiwa awe na nyumba yake, ikiwezekana ya bati au ya vigae, kabla ya kuoa, na atoe mahari. Kahawa huleta pesa mara moja kwa mwaka. Kibarua cha kulima kwa jirani hakitoshi kununua bati. Asiye na kipande cha ardhi wala pesa anabaki kijana wa nyumbani kwa baba yake hata akifika miaka 30. Wengi wanaokuja Bujumbura wanakuja ili waweze kurudi kuoa. Wengine wanarudi kweli. Wengine miaka inapita, mwishoni wanaoa hukuhuku mjini.

Ugomvi wa mipaka nao unasukuma. Kesi za ardhi zimejaa mahakamani nchini kote, na nyingi ni kati ya ndugu kwa ndugu. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, au binti aliyeachika akarudi nyumbani na kukuta kaka zake wamekwisha gawana kila kitu, mara nyingi hupata hifadhi mjini kabla ya kupata haki.

Je, mji una kazi za kuwapa?

Chache. Hapa ndipo Burundi inapotofautiana na tunayosoma vitabuni kuhusu Uingereza ya karne ya 19, ambako viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe viliita watu kutoka mashambani. Bujumbura ina kiwanda cha bia cha Brarudi tangu 1955, na ilikuwa na kiwanda cha nguo cha COTEBU kilichofungwa katika miaka ya 2000. Viko viwanda vingine vidogo vya sabuni, unga na vinywaji. Vyote pamoja haviwezi kupokea hata sehemu ndogo ya wanaoshuka.

Wanaishi kwa nini, basi? Wanaishi kwa kazi ambazo mji wenyewe unazizaa kwa kule kukua kwake. Kijana asiyejua mtu anaanza kama karaningufu, mbeba mizigo, sokoni Ruvumera au Kwa Siyoni. Akipata rafiki kwenye ujenzi anakuwa yede, msaidizi wa fundi muashi, anachanganya saruji na kupandisha matofali kwa mshahara wa siku. Wasichana wanaingia kazi za ndani: kupika, kufua, kulea watoto wa watu, mara nyingi kwa ujira mdogo unaolipwa kwa kuchelewa. Wengine wanatembeza parachichi na karanga kwenye beseni. Mwenye bahati anapata baiskeli ya kubeba abiria.

Ukitaka kuona mji na milima vinavyotegemeana, simama asubuhi kwenye barabara kuu namba 1 inayotoka Bugarama. Vijana wanashuka kwa baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi huku na huku, wakikata kona kwa kasi ya kutisha, breki zikisaidiwa na soli ya kiatu. Wakishauza, wanasubiri lori linalopanda, wanashika nyuma kwa mkono mmoja na kuvutwa hadi juu. Wengine wamekufa kwenye barabara hiyo. Bado kesho yake wapo, kwa kuwa mkungu unaouzwa mjini unaleta pesa ambayo kule juu haipatikani.

Ingia pia katika ua mmoja wa mtaa wa Kinama alfajiri. Nyuma ya nyumba ya mwenye ua kuna safu ya vyumba vya kupanga, na katika kimoja wanalala vijana wanne wa mlima mmoja. Godoro ni moja, wengine wanalala mkekani. Chakula wanachangiana, kodi wanachangiana, na mgeni anayefika kutoka kwao anapokewa wiki za mwanzo bila kudaiwa. Aliyetangulia anamtafutia kazi aliyefuata. Kwa hiyo watu wa tarafa moja hujikuta kwenye mtaa mmoja na kazi moja. Kiasi kidogo kinachobaki hutumwa nyumbani kwa simu, kupitia Lumicash: mbolea, daftari za mdogo, dawa ya mama.

Ukilinganisha, utaona kwa nini wanabaki. Mjini anaweza kukosa kazi siku tatu akapata siku ya nne, na akalipwa jioni. Milimani, mvua ikiharibika, anasubiri msimu mzima. Kirundo, kule kaskazini, watu wanakumbuka vizuri ukame uliowahi kuwatoa watu kwa makundi.

Maisha ya wanaofanya kazi hizi ni mepesi kuvurugika. Soko Kuu lilipoungua Jumapili ya 27 Januari 2013, waliopoteza riziki hawakuwa wenye vibanda peke yao. Walikuwamo wabeba mizigo, wapishi wa chakula cha mchana, washonaji na wauza mifuko. Na Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipokatazwa kuingia katikati ya mji, maelfu ya vijana walilazimika kutafuta njia mpya za kupita na kazi mpya za kufanya. Uamuzi wa barabarani uligusa sahani za chakula kule nyumbani kwao, Muyinga na Ruyigi.

Vita vilileta watu mjini au viliwafukuza?

Vyote viwili, kwa zamu. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mitaa iligawanyika kwa makabila. Kamenge iliachwa tupu mwaka 1995, na walioishi kwa ujirani miaka mingi walikimbia pande tofauti. Wakati huohuo milima inayozunguka mji haikuwa salama, na watu wake walishuka kutafuta hifadhi. Kuanzia Septemba 1999 serikali ya wakati huo iliwakusanya kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Vijijini katika kambi, mbali na mashamba yao. Kambi hizo zilifungwa mwaka 2000, kufuatia shinikizo la Nelson Mandela, mpatanishi wa mazungumzo ya Arusha.

Mtu aliyekaa miaka mitatu au minne mbali na shamba harudi alivyokuwa. Watoto wamezoea shule ya mjini, mama ameanza biashara ya mkaa au samaki, na nyumba ya mlimani imeezuliwa. Amani ilipokuja wengi walibaki.

Kisha wakaja waliokuwa nje. Kuanzia 2002, karibu nusu milioni ya wakimbizi walirejea kutoka Tanzania katika muda wa miaka michache, wengine wao wakiwa wametoka mwaka 1972. Waliozaliwa kambini walikuja wakizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kirundi, na katika sehemu kama Rumonge walikuta ardhi ya babu zao inalimwa na wengine kwa miaka 30 na zaidi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo iliundwa 2006 kushughulikia migogoro hiyo. Waliokata tamaa kusubiri walikwenda mahali ambapo Kiswahili kinatosha kuanzia maisha, na mahali hapo pakawa Buyenzi, Bwiza na mitaa ya kaskazini.

Mgogoro wa 2015 ulifanya kinyume. Mitaa kama Musaga, Nyakabiga na Cibitoke ilipungua watu, na wakimbizi nje ya nchi walizidi 400,000 walipofikia kilele. Kodi za nyumba zilishuka, kufuli zikawa nyingi. Ni ukumbusho kwamba ukuaji wa mji hauendi mbele siku zote. Februari 2025 mambo yakageuka tena: mji wa Bukavu, Kongo, ulipotekwa, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, na wapo kati yao waliokuja kwa jamaa zao Bujumbura. Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, iko karibu mno kwa mpaka kuwa ukuta.

Watu wa kwanza wa mji huu walikuwa nani?

Hakuna mtaa wa Bujumbura usio wa wahamiaji. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma 1914, na kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Kwa hiyo kahawa na pamba ya nchi mbili zilishuka hadi bandari hii moja. Nyuma ya bandari wakaja wafanyabiashara Waislamu kutoka Ujiji na Kongo, mafundi, askari, mabaharia, Wahindi, Wagiriki. Wabelgiji waliwatenga Waafrika kati yao katika mitaa yao, Buyenzi na Bwiza, nje ya mamlaka ya machifu, na miaka ya 1950 wakajenga Ngagara. Mkulima wa kawaida alihitaji kibali kuja kukaa. Baada ya uhuru wa 1 Julai 1962, wizara, chuo kikuu na hospitali kubwa vyote viliwekwa hapohapo, na mwenye cheti, mgonjwa au mwenye kesi akawa hana mahali pengine pa kwenda.

Shule iliongeza kasi. Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakafurika. Mtoto wa mkulima anayemaliza sekondari anataka kazi inayolingana na alichosoma, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa iko Bujumbura. Tumewasomesha sisi, ni haki yao kutarajia.

Je, wote wanaojaza mji ni wageni?

Hapana, na hili husahaulika. Wanaokuja mjini ni vijana, na vijana huzaa. Wanawake wa mjini wanazaa wachache kuliko wa milimani, lakini watoto wao wanapona zaidi kwa kuwa zahanati iko karibu. Sehemu kubwa ya wakazi wapya wamezaliwa Kamenge, Buterere au Kanyosha. Ukiwaambia warudi kwao, kwao ni hapo.

Tena mji unakua kwa kumeza jirani zake. Shamba la mpunga linapimwa viwanja, na mkulima aliyeuza anageuka mkazi wa mjini bila kusogea hatua moja.

Je, kuhamishia makao makuu Gitega kumesaidia?

Sheria ya 2019 iliifanya Gitega kuwa makao makuu ya siasa na kuiacha Bujumbura mji mkuu wa biashara. Bandari, benki, uwanja wa ndege na masoko vimebaki, na kwa karaningufu mahali wizara ilipo si jambo kubwa. Mji wa pili wenye uhai ni jambo jema hata hivyo. Kijana wa Ruyigi akipata kazi Gitega analala karibu na shamba lake.

Serikali ikiwazuia watu kuja, mji utapumua?

Vibali vya wakati wa ukoloni havikuzuia Buyenzi kujaa. Msako unaomrudisha kijana mlimani unamrudisha kwenye mita zilezile 28 kwa 30, na baada ya wiki mbili anashuka tena, akiwa na deni la nauli. Naona nguvu zielekezwe kwenye mambo manne: mirithi ya binti iandikwe kwenye sheria, uzazi wa mpango ufike milimani kwa heshima, miji ya Ngozi, Kayanza na Rumonge ipate umeme wa kutosha kuendesha mashine za kusindika mazao, na viwanja vya bei ya mtu mdogo vipimwe Bujumbura kabla watu hawajajenga. La mwisho ndilo la haraka.

Kwa nini mafuriko yanaua zaidi sasa?

Mji uko kati ya milima mikali na ziwa, na mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Nyabagere inakatiza ndani yake. Milima imekatwa miti, maji yanashuka kwa nguvu, kingo zinabomoka. Maskini anapata kiwanja pale ambapo wengine wamekataa: ukingoni mwa korongo, au kwenye tambarare ambako maji hutuama. Usiku wa 9 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini. Aprili 2020 Rusizi ilifunika Gatumba. Ziwa lilipopanda 2021 na tena 2024, hata nyumba za kifahari za Kibenga na Kajaga ziliingia maji.

Nanunua kiwanja. Niangalie nini?

Kiendee kiwanja mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, na uwaulize majirani, hasa akina mama waliokaa muda mrefu, maji yalifika wapi 2014 na 2020. Watakuonyesha alama ukutani. Uliza mto uko umbali gani na ukingo wake umesogea kiasi gani tangu wahamie.

Usikubali karatasi ya mkono iliyosainiwa na mashahidi wawili peke yake. Nje ya viwanja vilivyopimwa, Kanuni ya Ardhi ya 9 Agosti 2011 iliruhusu ofisi za ardhi za tarafa kutoa vyeti. Ndani ya mji, hati miliki inathibitishwa kwenye idara ya hati za ardhi. Nenda wewe mwenyewe, usimtume muuzaji. Hakikisha kwamba mke wa muuzaji na ndugu zake wanajua kiwanja kinauzwa, wasije wakakifungulia kesi baadaye. Na ikiwa unanunua na mwenzi wako, majina yote mawili yaandikwe kwenye cheti siku hiyohiyo.